Nuru Bila Mbebaji: Uhakiki wa Picha za Usiku za Mlima Kilimanjaro

Uhakiki huu unachunguza picha za usiku za Kibo zinazopigwa kutoka Old Moshi kwa kuacha kilango cha kamera wazi kwa muda mrefu. Katika muda huo kamera, ikiwa imetulia juu ya tripodi, hukusanya mwanga wote unaoifikia. Kitu king'aacho kikisogea huacha mstari. Mwili usiong'aa, tena usiotulia, hauachi alama.

Hoja ya kwanza inahusu nyota. Old Moshi ipo takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mlima upo kaskazini yake. Kwa hiyo ncha ya anga inayozungukwa na nyota za upande huo imo chini ya upeo wa macho. Picha ya kweli huonesha matao juu ya Kibo. Yenye duara kamili juu ya kilele imeunganishwa, nayo imeazima anga la Ulaya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wapandaji wanapoondoka Barafu karibu na usiku wa manane kuelekea Stella Point, mita 5,756, taa za vichwani huandika mstari mmoja wa nuru. Mtazamaji hawezi kumtofautisha mgeni na mwongozaji anayemtangulia. Mpagazi aliyefikisha mahema na chakula kambini hayumo kabisa, kwa kuwa kazi yake hufanyika mchana.

Je, ufutaji huu unatokana na chombo? Historia inakanusha. Mwaka 1889, mwaka ambao Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, Étienne-Jules Marey na Georges Demeny nchini Ufaransa walifunga taa kwenye viungo vya mtu, wakapata mistari ya mwendo wake bila mwili. Hata hivyo, mwaka 1949 Gjon Mili alipompiga picha Pablo Picasso akichora hewani kwa taa ndogo, alitumia pia mmweko, na mchoraji akaonekana pamoja na mchoro wake. Tofauti hapo ni uamuzi wa mpigapicha.

Mmweko hauwezi kufika Kibo kutoka Old Moshi. Kwa sababu hiyo, mpigapicha wa huko ana njia mbili: kupanda na kuukaribia mwili unaobeba taa, au kuiweka picha ya usiku sambamba na picha ya mchana ya wapagazi wakiwa njiani. Pasipo mojawapo, picha itabaki nzuri, lakini itakuwa imesimulia safari kwa kuwaacha nje walioiwezesha.