Heko, Mafundi wa Bedford

General Motors iliacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford nchini Uingereza mwaka 1986. Kuyatunza kukabaki mikononi mwa mafundi kama wa Gerezani, Dar es Salaam, na wenzao wa jua kali, Nairobi. Hongera zao!

Gasketi imekosekana dukani? Fundi hutandika karatasi ngumu juu ya chuma inapokaa gasketi, akagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo lijikate lenyewe. Bushi iliyolika hupimwa, ikakerezwa nyingine. Springi iliyovunjika hupata jani kutoka kwenye lori lililokufa, likakatwa kwa kipimo. Kwa hiyo spea mbovu haitupwi ovyo: ndiyo kipimo cha mpya.

Wenye malori, msiwalipe kwa maneno matamu tu. Walipeni ujira unaolingana na ujuzi wao.