Fasili ya Neno "Mpumuo": Ushahidi wa Kimarathi

Katika istilahi zetu za fonetiki, maneno "ghuna" na "mpumuo" yamekwisha kuzoeleka. Ghuna ni sauti itamkwayo huku nyuzi za sauti zikitikisika. Mpumuo nao mara nyingi hufasiliwa kuwa ni pumzi itokayo baada ya kipasuo kisicho ghuna, kabla nyuzi hizo hazijaanza kutikisika. Fasili hii yatosha kueleza tofauti ya kaa la moto na kaa wa baharini, ambaye wasemaji wengi wa mwambao humtamka kwa mpumuo. Haimtoshi mfasiri wa maandishi ya isimu.

Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra nchini India, kina vipasuo vya aina nne: k, kh, g na gh, na vivyo hivyo t, th, d na dh. Bārā ni kumi na mbili. Bhārā ni mzigo wa kuni au majani. Hiyo bh ni ghuna, na pumzi inayo. Kwa fasili yetu, sauti ya namna hiyo haiwezi kuwapo.

Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walichapisha uchunguzi wa lugha 11, Kimarathi kikiwamo. Walipima muda uliopo kati ya kuachiwa kwa kipasuo na kuanza kwa mtikisiko. Kipimo hicho kilitenganisha vizuri k, kh na g. Lakini g na gh hakikuweza kuzitenga, kwani katika zote mbili mtikisiko hutangulia. Wachunguzi wenyewe walilikiri jambo hilo. Kasoro ya kipimo ni kuhesabu muda na kuacha namna ya mtikisiko. Gh inapoachiwa, nyuzi hutikisika bila kufumbana barabara. Mvumo wa pumzi huchanganyika na sauti, na irabu ifuatayo huanza kwa kidatu cha chini.

Ushahidi wa nazali ni mzito zaidi. Maṇ ni kipimo cha uzito cha zamani. Mhaṇ ni methali. Katika m nyuzi hutikisika tangu mwanzo, wala hapana kuchelewa kwa kupimwa. Hata hivyo pumzi ndiyo inayotofautisha maneno hayo.

Wako watakaotaka neno jipya kwa ajili ya sauti hizi, kwa hoja kwamba nyuzi za sauti hazifanyi kazi ile ile katika kh na gh. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanasarufi wa Kisanskriti waliutenga tangu kale ughuna, ghosha, na wingi wa pumzi, mahaprana. Wakaziweka kh na gh katika kundi moja la pumzi kubwa. Kuzipa majina mawili kutauficha ujamaa huo.

Kwa hiyo neno libaki, fasili irekebishwe: mpumuo ni pumzi ya ziada ipitayo katika glota iliyo wazi kuliko kawaida, konsonanti itamkwapo au iachiwapo, iwe ghuna au isiwe. Hapo mwalimu ataweza kusema "kipasuo ghuna chenye mpumuo" bila kujipinga.

Mfasiri naye akumbuke kwamba dh ya jina Sindhudurg si dh ya dhahabu. Ya kwetu ni kikwamizo. Ile ni kipasuo.