Fununu za Uani katika Hadithi za Picha za Marekani

Mhakiki hufundishwa kuihukumu kazi ya sanaa kwa yale yaliyomo ndani yake, wala asiyategee sikio maneno ya watu kuhusu mtunzi. Kanuni hiyo ni njema, na darasani ina faida kubwa. Hata hivyo ipo sanaa moja ambayo mhakiki akiishikilia kanuni hiyo bila kulegeza atapotea njia, nayo ni hadithi za picha za mashujaa, zile zinazochapishwa Marekani katika vijitabu vya rangi na ambazo sinema zimezieneza hadi kwetu. Sababu ni kwamba, kwa miaka mingi, ukurasa wenyewe haukusema kweli juu ya nani aliyeutolea jasho.

Tuanze na shujaa mkongwe. Superman alitokea katika kijitabu cha Action Comics chenye tarehe ya Juni 1938. Waliomtunga walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji, nao waliuza haki zote kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa wa hadithi ile ya kurasa 13. Walimshtaki mchapishaji mwaka 1947. Shauri likaishia kwa mapatano, na majina yao yakaondolewa katika hadithi za Superman. Tangu hapo mtoto aliyesoma hadithi hizo hakuwa na njia ya kuwajua. Aliyejua alijua kwa kuambiwa.

Nyumba ya Mswahili ina baraza, nayo ina ua. Barazani hukaribishwa mgeni na kupewa maneno mazuri. Uani ndiko moto unakowashwa, na ndiko watu wanakogombana. Kampuni ya Marvel ilijua sana kuipamba baraza yake. Katika miaka ya 1960 mhariri wake, Stan Lee, aliwaandikia wasomaji habari za ofisini, akiwapa wachoraji majina ya utani na kuisimulia ofisi kana kwamba ni ngoma isiyokesha. Msomaji alidhani amekaribishwa uani, kumbe bado yuko barazani. Steve Ditko, mchoraji wa Spider-Man, alipoondoka mwaka 1966, wasomaji waliambiwa kwa ufupi tu kwamba ameondoka kwa sababu zake binafsi. Lakini Januari ya mwaka huohuo Lee mwenyewe alikuwa amekwisha kuliambia gazeti la New York Herald Tribune kwamba wamebishana mno juu ya visa, hata amemwachia Ditko atunge visa vyake peke yake. Kumbe basi mtu anayeitwa mchoraji alikuwa pia mtunzi! Kwa mhakiki habari hiyo si umbea. Inabadili namna ya kuzisoma hadithi zile.

Tena utaratibu wa kazi katika kampuni hiyo uliukaribisha uvumi. Lee alizungumza kisa na mchoraji kwa maneno machache. Mchoraji akaenda kukitandaza katika picha, ukurasa kwa ukurasa. Kisha Lee akajaza maneno ya wahusika. Hapo mpaka wa kazi ya huyu na yule ni mgumu kuonekana, na penye mpaka usioonekana kila mtu husogeza uzio. Jack Kirby, aliyeshiriki kuunda mashujaa wengi wa Marvel, aliondoka mwaka 1970. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1990 alisema kwamba Lee hakuandika lolote kabisa, na kwamba hata Spider-Man ni wake. Hilo la pili ni vigumu kulikubali, kwa kuwa umbo la shujaa yule na kurasa zilizochapishwa ndani ya hadithi ya kwanza ni kazi ya mkono wa Ditko. Kirby alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini aliyedhulumiwa naye huweza kutia chumvi. Wenye mazoea ya kumwamini mnyonge kwa kila neno, na sisi tumo, hatuna budi kuliangalia jambo hili.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mhakiki hawezi kungoja lije. Fununu atakayoipokea ni ile iliyo na msemaji anayejulikana na inayotaja mambo madogomadogo yanayoweza kulinganishwa na michoro yenyewe.

Fununu ya namna hiyo ilimhusu Batman, aliyetokea mwaka 1939 chini ya jina la Bob Kane peke yake. Mwaka 1965 mwandishi Bill Finger alisimama mbele ya wapenzi wa hadithi za picha mjini New York. Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu huko Detroit, akaandika makala kuhusu kazi yake na kuwagawia wasomaji wenzake. Ilieleza kwamba Kane alianza na mtu wa nguo nyekundu mwenye mabawa magumu na kitambaa kidogo machoni. Finger ndiye aliyependekeza kofia yenye masikio, joho na rangi ya kijivu, tena ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza. Kane alijibu kwa barua kali, akidai kwamba muumba ni yeye pekee. Finger alifariki mwaka 1974, na sifa hajaipata. Mwaka 1989, katika kitabu cha maisha yake, Kane alikiri kwamba mwenzake hakupewa heshima aliyostahili.

Kampuni ya DC ilikubali mwaka 2015 kulitaja jina la Finger, baada ya miaka 50 tangu makala ya Bails. Mwaka uliofuata likasomeka katika filamu iliyomkutanisha Batman na Superman. Maneno yaliyokubaliwa yanasema kwamba Batman ameundwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Kwa Kiingereza, kati ya majina hayo mawili halikuwekwa neno linalowasawazisha, bali lile linalomfanya wa pili kuwa msaidizi.