Ikulu Bila Mfalme: Hekaya ya Treetops na Miviga ya Ituika

Wagikuyu wa Nyeri na wa miji inayouzunguka Mlima Kenya hawakuwa na mfalme Waingereza walipowafikia. Hata hivyo, mgeni anayefika Nyeri aghalabu husimuliwa habari za malkia kabla ya kusimuliwa habari za wazee wa kiama. Turathi, sawa na ngano, haikosi msimulizi, na msimulizi huchagua la kusema na la kunyamazia. Kwa hiyo turathi ya kifalme katika nchi isiyokuwa na mfalme ni matini inayostahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Hekaya yenyewe ni fupi. Tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe, Philip, walipanda Treetops, hoteli ya mbao ambayo Eric Sherbrooke Walker aliianzisha juu ya mti mwaka 1932 katika msitu wa Nyandarua. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini huko Uingereza. Asubuhi, aliyepanda akiwa binti mfalme akashuka akiwa malkia. Jim Corbett, mwindaji aliyehamia Nyeri kutoka India na aliyekuwapo usiku ule, aliyaandika maneno ya maana hiyo katika daftari la wageni, na hekaya imerudiwa tangu hapo.

Kifani, hii ni ngano kamili. Kuna msitu wenye wanyama wakali, kuna mti mrefu, kuna usiku mmoja, na kuna mhusika anayebadilika hadhi pasipo kutenda lolote. Kama ilivyo kawaida ya ngano, wakati umefutwa: hakuna jana wala kesho. Wapishi, wapagazi na walinzi, ambao bila wao usiku ule usingewezekana, hawamo. Wala haimo ile kesho ambapo, tarehe 20 Oktoba mwaka uo huo, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza hoteli hiyo kwa moto. Jengo lililokuja kuitwa Treetops baadaye silo alimolala binti mfalme.

Kinaya kikubwa zaidi ni kwamba shujaa wa hekaya hakuijua hekaya yake. Alishuka mtini akadhani baba yake yu hai, akarudi Sagana Lodge, nyumba iliyo karibu na Kiganjo ambayo alizawadiwa kwa ajili ya harusi yake ya 1947. Na huko ndiko Philip alikompasha habari ya msiba alasiri. Kushuka mtini kama malkia ni tukio la kisheria tu. Hakuna jicho lililolishuhudia, hata la yeye mwenyewe. Lilitungwa baadaye kwa kusoma matukio kinyumenyume, na katika kutungwa huko msiba wa binti aliyefiwa na babaye ukageuzwa kuwa tamasha.

Mti nao una maana yake. Treetops ya kwanza ilijengwa juu ya mugumo, mti ule ule ambao wazee wa Kigikuyu walitolea sadaka chini yake wakiuelekea Mlima Kirinyaga. Katika ibada ya Kigikuyu watu husimama chini ya mti, na aliye juu ni Ngai peke yake. Hoteli iligeuza mpangilio huo juu chini: binadamu akakwea, akaketi robshani, akawatazama wanyama wakija majini na kulamba chumvi, huku akitakiwa kukaa kimya asiwashtue. Hapo ndipo fani inapofichua maudhui. Roshani hutenganisha kabisa anayetazama na anayetazamwa, na hiyo ndiyo sanaa ya dola iliyozoea kutawala kwa mbali.

Katika ardhi iyo hiyo palikuwapo miviga yenye fani iliyo kinyume kabisa na hiyo. Ituika ilikuwa sherehe ya kukabidhiana madaraka baina ya vizazi viwili, Mwangi na Maina, kila baada ya miongo kadhaa. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anasimulia kwamba hapo kale palikuwa na mfalme aliyegeuka dhalimu. Watu wakamwasi, na kizazi cha waasi kikaitwa Iregi, jina litokanalo na kitenzi chenye maana ya kukataa. Ituika ilikumbuka uasi huo. Sheria za utawala mpya zilitiwa katika nyimbo na ngoma, zikaenezwa kwa kuimbwa na kuchezwa kwa miezi mingi, hata ikawa vigumu kumtofautisha fanani na hadhira yake. Ni turathi ya kifalme kwa namna ya pekee: humkumbuka mfalme ili asirudi.

Yapasa kutahadhari hapa. Kenyatta aliandika London, akiwa mtetezi wa watu wake mbele ya wasomaji walioambiwa kwamba Mwafrika hakuwahi kujitawala. Mfalme huyo dhalimu na baraza la kidemokrasia lililomrithi vinalingana mno na mahitaji ya hoja yake kiasi cha kumtia mhakiki shaka. Lakini hata kisa kikihesabiwa kuwa kisasili, thamani yake haipungui, kwa kuwa jamii hujulikana pia kwa visasili inavyovichagua. Tena hatima ya sherehe si kisasili. Kwa maelezo ya Kenyatta, Ituika ya mwisho ilifanyika katika miaka ya 1890, na iliyofuata, iliyotazamiwa katika miaka ya 1920, ilikuwa imekwisha kuanza kuchangiwa mifugo pale serikali ya kikoloni ilipoipiga marufuku kuwa ni uchochezi. Nyeri ikabaki na sherehe iliyokatizwa, kisha ikapewa hekaya ya malkia.

Linganisha na Seoul, ambako tangu miaka ya 2010 tamasha la utamaduni wa kifalme hufanywa majira ya kuchipua na ya vuli katika majumba ya nasaba ya Joseon, iliyotawala kuanzia 1392 na ambayo taifa lake lilimezwa na Japani mwaka 1910. Huko nako ukoloni uliingilia ngano: sehemu kubwa ya majengo ya Gyeongbokgung ilibomolewa, na mbele ya jumba la enzi ikajengwa makao makuu ya utawala wa Kijapani, ambayo nayo yalibomolewa katika miaka ya 1990. Mkorea wa leo avaapo hanbok huingia majumba hayo bila kiingilio. Mtazamaji ameshushwa kutoka roshani akawa mhusika, ingawa ni kwa mavazi tu. Mfalme anayeigizwa hana dola, kwa hiyo hamtishi mtu. Lakini angalau walioporwa ndio wanaosimulia.

Kwa upande wa Mlima Kenya, mrithi wa Ituika ni jukwaa la tamthilia. The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo inaitwaa mahakama ya Nyeri, ambako Kimathi alihukumiwa kifo mwaka 1956 kwa jina la malkia yule yule wa hekaya, na kuigeuza kuwa uwanja wa kuuliza nani ana haki ya kumhukumu nani. Ilipoigizwa Nairobi mwaka 1976, watazamaji walijiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma hadi nje ya ukumbi. Wahakiki wengi wameujadili ujumbe wa kisiasa wa tamthilia hii na kuipuuza ngoma hiyo. Ni kosa, kwani hapo ndipo fani ya Ituika inapojitokeza upya: hadhira imekataa kuketi.

Sagana Lodge ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1963, ikawa ikulu ndogo ya marais. Desemba mwaka huo wapiganaji waliotoka misituni walikusanyika Ruring'u, mjini Nyeri, wakasalimisha silaha zao mbele ya Kenyatta, mwandishi yule yule aliyeihifadhi Ituika kwa maandishi. Nyumba ilibadili mwenyewe, silaha zikakusanywa, na nyimbo za kukabidhiana hazikuimbwa.