Kabla ya manga: mwenye kinga na sanduku lake

Bandugu, kila mara tunapobishana hapa juu ya anime, mazungumzo yanaanzia ku Dragon Ball na kuishia ku Naruto. Ni sawa mutu anafungua kitabu katikati. Leo turudi nyuma, Japani ya miaka ya 1930.

Wakati sinema haikuwa na sauti, kulikuwa benshi. Alisimama kando ya picha, akaeleza hadithi, akageuza sauti kwa kila mhusika. Wengine walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wenyewe. Kisha sinema za sauti zikafika, na kazi yao ikaanza kufa. Heigo, kaka ya Akira Kurosawa, alikuwa benshi na mmoja wa viongozi wa mgomo wao. Mgomo ulishindwa. Mu 1933 akajiua.

Wakati ule ule, shida ya uchumi ilikuwa imeacha watu wengi bila kazi. Njo hapo kamishibai ikaenea. Mutu anakodi picha, anaziweka mu sanduku la mbao nyuma ya kinga, anafika ku kona ya barabara na kugonga vipande viwili vya mbao. Watoto wanakimbia. Kwanza anauza bombo: aliyenunua anasimama mbele, asiye na pesa anabaki nyuma. Halafu anavuta picha moja moja na kusimulia. Pale penye utamu kabisa anakata: mpaka kesho! Benshi kadhaa waliopoteza kazi waliingia humo.

Walimu wengi waliidharau: rangi kali, mizimu, bombo chafu. Tuseme kweli, walikuwa na haki kidogo, juu picha zilichorwa mbio mbio. Lakini hawakuona kitu kimoja: msimulizi alikuwa na wahakimu mbele yake. Hadithi ikichosha, watoto wanaondoka, na jioni hana chakula. Mu shule ile kali njo alizaliwa Ōgon Bat, mtetezi mwenye kichwa cha fuvu na joho, miaka kadhaa kabla ya Superman wa 1938.

Sasa, tusiifanye kuwa takatifu. Wakati wa vita, serikali ilichukua sanduku lile lile kuhimiza watu waweke akiba kwa ajili ya vita na kusifu kufa kwa askari. Sauti iliyozoeleka na watoto ilifaa sana kwa uongo. Mwenye kupenda sanaa hii anapaswa kuyataja mambo yote mawili.

Mu 1953 televisheni ilianza Japani, na watu wakaiita kamishibai ya umeme. Sanduku la mbao likashindwa, lakini wachoraji walihama na ujuzi wao. Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani, alichora kamishibai, kisha vitabu vya kukodisha, kisha manga za magazeti. Kitarō wake alitokea kwanza mu kamishibai. Sanpei Shirato naye alipitia njia ile.

Njo maana sikubali tunapoambiana hapa kama shida inazaa sanaa, tuvumilie tu. Shida peke yake haikuzaa kitu, ilimaliza Heigo. Kamishibai ilisimama juu kulikuwa mutu wa kukodisha picha, mchoraji aliyelipwa, na bei ambayo mtoto aliweza. Vitu vidogo, lakini vilikuwa vinafanya kazi kila siku.

Kuko kati yetu wenye diploma wanaochora na kusimulia vizuri sana, na tunawapa like basi. Kabla ya kuuliza talanta iko wapi, tujiulize: nani kati yetu anaweza kuwakodishia sanduku, na nani yuko tayari kununua bombo?