Mbega Hana Kidole Gumba

Mchoraji alikuwa amekwisha kumchora mbega mzima: mwili mweusi, joho jeupe likining'inia toka mabegani, mkia wenye kishada. Halafu akachukua kifutio akafuta mkono wote. Alipouchora upya, tawi lilikuwa limeshikwa na vidole vinne tu. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu bila kuinua macho: mbega hana kidole gumba, pale pana kijinundu tu. Mtoto anayekaa chini ya msitu, akasema, ipo siku atamwona mbega kwa karibu, atakikumbuka kitabu, atahesabu vidole. Hakutaka mtoto huyo amkute mwongo.

Tulikuwa barazani, Mwanga mjini, milima ya Ugweno, Upare Kaskazini, ikiwa juu yetu. Ukurasa uliofuata ulikuwa na mbega mchanga kifuani kwa mama yake, na huyo mchoraji hakumpaka rangi yoyote. Mbega huzaliwa mweupe pee, weusi huja baadaye, kwa hiyo aliiacha karatasi yenyewe iwe manyoya. Nilimtazama akifanya kazi hadi jua likaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, nikawa nafikiri jinsi tunavyoidharau kazi hii. Tukisikia mtu anachora vitabu vya watoto, tunamwuliza kazi yake hasa ni ipi.

Mtu anayewaandikia watu wazima anaweza kusema kwamba wahunzi wa Ugweno walifua chuma, kisha akapita zake. Mchoraji hana ruhusa hiyo. Lazima aamue mhunzi ameketi juu ya nini, makaa yamerundikwa upande gani, nani anavuta mivukuto, moshi unatokea wapi. Asichokijua kitaonekana hapo hapo, na wa kwanza kukiona ni mtoto, maana mtoto haharakishi kufungua ukurasa.

Haya nilifundishwa na babu yangu, ingawa hakuwahi kununua kitabu maishani mwake. Nilikuwa nimetoka shule na kitabu cha maarifa ambacho jalada lake lilikwisha kubanduka. Ndani yake mlikuwa na picha ya wahunzi: mmoja ameinua nyundo, mwingine amechuchumaa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi. Nilimpelekea babu karibu na koroboi, nikijua atafurahi, kwa kuwa alipokuwa mdogo aliwaona wazee wakifua. Aliisogeza picha kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu moto wake utazimika."

Sikuelewa. Akaweka kitabu chini, akachuchumaa sakafuni, akanyoosha mikono yake miwili. Ukiinua wa kulia, wa kushoto unakandamiza. Ukiinua wa kushoto, wa kulia unakandamiza. Upepo unaingia kwenye mrija wa udongo bila kukatika, na makaa hayapati nafasi ya kupoa. Yule wa kwenye picha alikuwa ameinua mikono yote miwili kwa pamoja. Babu alivuta mivukuto yake isiyokuwepo, kulia na kushoto, akitoa sauti ya upepo kwa midomo, kivuli chake kikipanda na kushuka ukutani. Bibi akatoka jikoni kutazama kuna nini. Wala hakucheka. Alisimama mlangoni, na babu hakuacha mpaka alipoona nami nimenyoosha mikono yangu, naifuata yake.

Picha ile yenye kosa ndiyo iliyomfanya babu anyanyuke kitini. Bila picha, asingenieleza, kwa sababu nisingejua cha kuuliza. Kitabu cha watoto kikichorwa vizuri humfikisha mtoto kwa mzee akiwa tayari ana swali mkononi, na sijaona ufundi mwingine unaoifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo hivyo.

Na maswali ya kuuliza Ugweno ni mengi. Washana, ukoo wa wahunzi, walitawala huku kabla ya wengine wote. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa kwenye vijito baada ya mvua, ukayeyushwa kwa makaa, na majembe na mikuki ya milima hii ikawafikia Wachagga kule Kilimanjaro. Mpaka leo jembe la mkulima huibua mavi ya chuma shambani. Kisha Wasuya wakaongozwa na Angovi kuwapindua Washana, na mwanawe, Mranga, akaijenga upya nchi: mabaraza, wakuu wa sehemu, na mshitu, yaani jando la msituni ambalo kila kijana alipaswa kulipitia. Haya yote tunayasoma leo kwa sababu Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliketi na wazee katika miaka ya 1960 akawasikiliza. Kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969, kwa Kiingereza, na kwa ajili ya wasomi. Kimambo alifariki mwaka 2018. Kazi yake imesimama imara, lakini mtoto wa darasa la tatu wa Kifula au Msangeni hawezi hata kuifungua. Angovi hana uso machoni pa mtoto huyo. Mranga hana hata fimbo ya kushika.

Haikosekani mikono ya kuwachora, wala ya kuvichapa vitabu vyenyewe. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, na busara yake ilikuwa rahisi: mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Mwaka huo huo Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota. Elieshi Lema aliwaandikia watoto na kuwachapishia pia. John Kilaka, aliyetoka Rukwa na kujifunza Dar es Salaam mtindo wa Tingatinga, alirudi vijijini kukusanya hadithi kwa wazee, akawachora wanyama wakiwa na kanga na baiskeli, kila mmoja na tabia yake usoni. Natamani sana kila mtoto wetu amjue huyu. Lakini vitabu vyake vilivyompa jina vilitokea Uswisi, kwa Kijerumani. Mtoto wa Basel alikutana na wanyama wa Rukwa kabla ya mtoto wa Sumbawanga.

Na sisi tumebaki na nini? Nimeshika mikononi kitabu cha wanyama kinachouzwa stendi, kimeandikwa kwa Kiswahili, na simba wa ukurasa wa kwanza anafuatwa na simbamarara, mnyama ambaye hajawahi kukanyaga Afrika porini. Kinauzwa kwa watoto ambao wakisimama ukingoni mwa Ugweno wanaiona mbuga ikielekea Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, kwenye faru weusi na mbwa mwitu. Nimeona kitabu kingine ambamo bibi anasimulia hadithi akiwa kando ya jiko la ukutani lenye bomba la moshi, na nje theluji inaanguka. Picha hizo zimeokotwa kwenye intaneti na mtu aliyekuwa na haraka. Siku hizi hata kuokota kumepitwa na wakati. Kompyuta inaagizwa ichore, nayo inachora upesi, mbega akiwa na vidole vitano, kidole gumba kizuri kabisa kikiwemo. Hakuna aliyefuta mkono. Hakuna aliyehesabu.

Wakati huo huo vitu vyenyewe vinaondoka. Ziwa Jipe, ambalo kutoka juu kwetu lilionekana maji matupu, linamezwa na matete mwaka hadi mwaka. Ndiva, mabwawa ambayo mababu waliyajenga kwa mawe na udongo ili kuyalaza maji usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi, nyingi zimejaa tope. Mpungi, misitu midogo ambamo koo ziliwaweka wahenga wao, inakatwa kando kando, kidogo kidogo, na vijana wasiojua wanakata nini. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Kwa hiyo nasema na ndugu zangu Wagweno wa Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, mnaopanda mlimani kila Desemba kuezeka upya nyumba ambazo hazina wa kulala ndani yake. Changeni mumlipe mchoraji mmoja akae Shighatini masika nzima. Apande Kindoroko, ashuke Jipe, aketi na wazee wa Kishana kabla ya kushika penseli, na rasimu zake zipite mikononi mwao wazisahihishe. Lipieni uchapishaji wa rangi, na nakala ziende kila shule ya msingi ya Ugweno kabla hazijafika dukani. Mfanye hivyo mwaka huu, maana wazee wanaoweza kusema "moto wake utazimika" wamebaki wachache.