Askari wa Kimo cha Kidole

Sanaa ya kufinyanga askari wadogo, kuwapaka rangi, kisha kuwapanga juu ya ubao wenye udongo, nyasi na magofu ili tukio la vita lionekane limesimama mbele ya macho, haijapata heshima ya kuhakikiwa. Huko Ulaya na Marekani, ambako ina mafundi wengi na mashindano yake, aghalabu hutiwa kapu moja na ukusanyaji wa stempu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Ubao wa namna hii, ambao wenyewe huuita dayorama, hudai jambo ambalo shairi halidai kwa ukali huo, nalo ni kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Mwenye kudai hivyo amejipeleka mwenyewe kizimbani, na haifai aachwe atoke bila ya kuulizwa.

Kwanza uangaliwe mkono wake, kwani ni mkono wenye kustahiki sifa. Kipimo kilichozoeleka tangu zamani ni sanamu ya milimita 54, ambayo ni takriban sehemu moja ya 32 ya mtu mzima. Fundi huanza na mifupa ya waya, akaipinda mpaka ipate mkao, na hapo ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, maana mkao ukiwa wa uwongo hakuna rangi itakayouokoa. Juu ya waya hubandika udongo wa epoksi, madonge mawili yanayokandwa yakawa moja, na kuanzia hapo ana saa chache tu kabla haujawa mgumu kama jiwe. Mafundi wazuri hufinyanga mwili mtupu kwanza, kisha huuvisha nguo kwa tabaka jembamba, ili mkunjo wa suruali uanzie pale goti linapoivuta, wala usianzie pale jicho linapotamani pambo. Kichwa kizima huwa kama milimita saba. Kifungo cha koti, kikipunguzwa kwa uwiano huo, hakifiki milimita moja.

Kisha huja rangi, na hapa wengi wasioijua fani hudhani kwamba kazi ni kunakili tu. Sivyo. Sanamu ndogo iliyopakwa rangi moja, hata ikiwa ndiyo rangi khasa ya koti la kikosi kile, huonekana kipande cha plastiki. Jua halipunguzwi kwa uwiano. Kivuli kilicho chini ya kidevu cha mtu hai ni kizito. Chini ya kidevu cha milimita moja taa ya chumba hukifuta. Kwa hiyo mpaka rangi hulazimika kukichora kivuli ambacho hakipo, na kuichora nuru iangukayo kutoka juu mabegani, puani na kwenye ukingo wa kofia. Wengi hutandika akriliki kwanza, kisha rangi za mafuta, kwa kuwa mafuta hukawia kukauka na huziacha rangi mbili ziyeyukiane shavuni pasionekane mpaka. Uhalisi wake, basi, ni uwongo uliopimwa. Mtunzi wa mashairi hahitaji kufafanuliwa zaidi: naye hasemi kama watu wasemavyo sokoni, na bado mtu wa sokoni akimsikia huona kasemewa yeye.

Katika ngozi nyeusi fani hii ina deni. Kanuni nyepesi ya kutia nuru ni kuongeza nyeupe katika rangi ya msingi, na juu ya uso wa Mzungu kanuni hiyo husameheka. Juu ya uso mweusi huleta majivu. Askari huonekana kama aliyetoka kulala jikoni. Paji la uso jeusi wakati wa mchana hurejesha anga, likawa na ubuluu wa mbali, na kivuli chake huelekea wekundu wa kahawa iliyokaangwa sana. Wapo mafundi wanaolijua hilo na kulitenda vizuri ajabu. Lakini inatosha kutazama sanamu chache za askari wa Kiafrika, nyuso zao zikiwa zimepakwa hudhurungi moja tu ilhali mkanda wa ngozi ya ng'ombe kiunoni umepewa rangi tano, ili kujua ni wapi jicho la fundi lilikaa kwa muda mrefu.

Na hali fani yenyewe ina asili ya Kiafrika, lau mtu atakubali kurudi nyuma miaka elfu nne. Mwaka 1894, katika kaburi la Mesehti, mtawala wa Asyut huko Misri, zilipatikana mbao mbili zenye vikosi vya mti uliochongwa na kupakwa rangi: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanuba 40 wenye pinde, kila kikosi kikiwa na safu nne za watu kumi kumi. Wote wametanguliza mguu wa kushoto. Ukiwatazama kwa haraka utasema ni ugumu mtupu, hakuna misuli, hakuna mkunjo wa nguo. Ukiwatazama tena utaona kwamba hawalingani kwa kimo. Yuko mrefu, yuko mfupi, nyuso zinapishana, ngao za Wamisri zina mabaka ya ngozi ya ng'ombe yasiyofanana. Wanuba wamepakwa weusi mzito usioomba radhi, na macho yao makubwa yametulia mbele. Mchongaji yule hakutoa mmoja akamnakili mara 39. Kazi yake ilifukiwa gizani, imtumikie maiti, bila ya tamaa ya mtazamaji wala nishani. Hata hivyo aliona kila askari anastahiki kimo chake. Sanamu zinazomiminwa leo katika kalibu moja, mia kwa mia, zina vifungo ambavyo yeye hakuviota, na aghalabu zina uso mmoja.

Vifungo ndivyo vilivyoiteka fani. Miongoni mwa wapenzi wake wamo wahesabu vifungo, watu ambao hukisogelea kioo cha maonyesho, wakaona kwamba mfereji wa suruali wa kikosi fulani haukuwa mwekundu kabla ya mwaka fulani, wakaondoka wamehukumu. Wanafanana mno na yule mhakiki wa ushairi ambaye hesabu ya mizani humtosha: vina vimekaa, mizani imetimia, kibwagizo kipo, basi shairi ni zuri. Bila shaka mizani ikivunjika sikio huumia, na vivyo hivyo sare ya uwongo hulivunja dai la ubao mzima. Ila mizani ni sharti la kuingilia mlangoni tu. Mmarekani Shepherd Paine, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya kutengeneza dayorama kimewalea mafundi wengi, alisisitiza kwamba ubao huanza na kisa; anayejaza ubao sanamu nzuri zisizohusiana hajatunga kitu. Mafunzo hayo yamenukuliwa sana kuliko yalivyofuatwa.

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili kwa uchungu kama ule wa William Siborne, afisa wa Kiingereza aliyepewa mwaka 1830 kazi ya kutengeneza kielelezo cha vita vya Waterloo, vilivyopiganwa Ubelgiji mwaka 1815. Siborne mwenyewe hakuwapo vitani siku ile. Alikwenda akakaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja, akiupima kila mwinuko. Kisha aliwaandikia maafisa walionusurika, akawauliza kikosi chao kilikuwa wapi na kimepangwaje mnamo saa moja ya jioni, wakati walinzi wa Napoleon walipofanya shambulio lao la mwisho. Aliwauliza hata hali ya mazao yaliyokuwa shambani mahali waliposimama. Serikali ilipokata fedha mwaka 1833 hakuacha. Aliendelea kwa gharama iliyomwelemea mpaka mwisho wa uhai wake, mwaka 1849. Mwaka 1838 kazi ilionyeshwa London: askari wapatao 75,000 wa bati na risasi, kila mmoja kama sentimita moja, juu ya ardhi iliyopimwa kuliko ardhi nyingine yoyote ya aina yake. Watu wapatao laki moja walilipa shilingi moja kuitazama.

Tatizo halikuwa kwenye vifungo. Askari wa sentimita moja hana kifungo. Tatizo lilikuwa Waprusia. Ushahidi aliokusanya Siborne ulimwonyesha kwamba saa ile ya jioni jeshi la Prusia lilikwisha kuingia kwa nguvu ubavuni mwa Wafaransa, naye akalipanga hivyo. Wellington, jemadari aliyejua vizuri jinsi ushindi unavyogawanywa, hakupendezwa na mpangilio huo, na Siborne alishinikizwa aubadilishe. Peter Hofschröer, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya mkasa huu, anashikilia kwamba palikuwa na njama ya kuwapunguza Waprusia ili utukufu ubaki upande mmoja. Wanahistoria wengine wamempinga. Vyovyote iwavyo kuhusu njama, ubishi wenyewe unatoa ushahidi mkubwa juu ya fani hii: mtu aliyekuwa mkubwa kuliko wote Uingereza alijali mahali pa kusimama vipande vya bati. Alijua kwamba laki moja ya watu watatoka pale wakisema wameiona vita kwa macho yao. Ngano iliyokanyagwa ilikuwa sahihi, vilima vilikuwa sahihi, na usahihi huo wote ungeweza kuwa shahidi wa jambo lisilo sahihi. Mtazamaji akishaamini ngano, ataamini pia pengo.

Pengo la namna hiyo lipo pia katika vita vilivyopita kwenye ardhi hii ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 mpaka 1918. Vita hivyo vinapendwa na mafundi wa sanamu ndogo, khasa askari wa jeshi la Wajerumani, na sababu ni dhahiri. Ni karamu ya mavazi: kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa chenye kishungi kinachoshuka shingoni, tai wa fedha mbele, vitambaa vya miguuni vya rangi ya samawati iliyochuja. Mkononi bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo moshi wa baruti yake humfichua aliyeipiga. Vyeo vyenyewe vina hadithi, ombasha na shaushi, maneno ya Kituruki yaliyofika pwani pamoja na Wasudani waliochukuliwa Misri mwaka 1889. Fundi makini huyajua yote haya na huyatenda. Askari sita, nyasi ndefu, mbuyu mmoja. Kila alama ya cheo mahali pake.

Sanduku la risasi lilifikaje hapo? Mbung'o waliua ng'ombe, farasi na punda, na mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Wapagazi wa pande zote katika vita vile hukadiriwa kuwa wapatao milioni moja. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake walikuwa kama 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao mpaka leo. Nyuma ya askari wa Wajerumani, kama alivyoeleza Michelle Moyd katika kitabu chake cha mwaka 2014, walifuata pia wake zao na watoto. Safu ya jeshi lile ilikuwa mji unaotembea. Ubao wa askari sita peke yao mwituni una mizani kamili, lakini umeiacha nje sehemu kubwa ya watu waliokuwapo.

Mafundi wana utetezi wao. Ubao ni mdogo. Viwanda hutoa sanamu zinazonunuliwa. Na anayetazama amekuja kuona askari. Utetezi wa kwanza ni dhaifu kuliko unavyoonekana, kwani fundi huyo huyo hupata nafasi ya mbuyu. Wa pili na wa tatu ni wa kweli, lakini ni hoja za dukani, na fani inayotaka kuitwa sanaa haiwezi kukimbilia dukani kila inapoulizwa swali.

Mfano wa kufuata hauko mbali. James Alexander Stevenson, mchongaji wa Kiingereza, ndiye aliyetengeneza Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927: askari mmoja wa shaba, peke yake, singe mbele. Maandishi ya chini yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawakumbuka wapagazi, lakini juu ya jukwaa hasimami mpagazi. Huko Nairobi, katika mnara uliozinduliwa mwaka 1928, mkono huo huo ulimsimamisha mpagazi juu ya jukwaa moja na askari. Ni ukubwa wa mtu, si milimita 54, lakini uamuzi ni ule ule.

Na kwa fundi, mpagazi ni mtihani mgumu zaidi ya askari. Hana vifungo vya kujifichia, hana mkanda wa kupewa rangi tano. Ana ngata kichwani na mzigo wa kilo 25 juu yake, na uzito huo hauna budi uonekane shingoni, kwenye mishipa miwili inayosimama, katika mabega yaliyoshuka na mkono ulioinuka kushika kamba. Kiuno hakiyumbi, maana kikiyumba mzigo huanguka. Miguu ni mitupu na hukanyaga kwa nyayo nzima. Ngozi inayoonekana ni nyingi, kuanzia paji mpaka kifundo, na yote inataka ule ubuluu wa anga na ule wekundu wa kivulini. Fundi ataipinda waya mara ngapi kabla mzigo haujaanza kulemea?